Lenah Ndani ya Korongo

Mimi nilimjua kwa mgongo. Mtu mwingine angetaka kwanza aone uso, mimi hapana. Nilikuwa nimesimama kando ya mashini ya Ephantus pale Kawangware, mkebe wa gundi kwa mkono moja na brashi kwa mkono ingine, karatasi zinatoka moja moja zikinuka wino, na kwa kila karatasi Lenah wangu amesimama amenipa mgongo.

Wacha niseme pole pole, kwa sababu hata sasa nikikumbuka naskia joto kwa masikio.

Ephantus alikuwa na press ndogo nyuma ya soko. Alikuwa anachapisha kadi za harusi, risiti na programu za mazishi, lakini kitu ilikuwa inamweka mjini ni writing pad. Zile karatasi za barua ziko na picha chini, imechapishwa hafifu ndio uweze kuandika juu yake. Maua ya waridi, mioyo miwili, njiwa wakigusana midomo. Mwaka huo wa tisini na nane ungeandikia manzi barua kwa karatasi ya kuchana kwa exercise book, angekujibu kwa heshima tu halafu anyamaze. Sasa kazi yangu, tangu nimalize Form Four na nianze kungoja maisha, ilikuwa kugongesha hizo karatasi kwa meza zikae sawa, kuzipaka gundi kichwani na kuziwekea kadibodi nyuma. Kazi ya mikono. Kichwa unaachiwa uende nayo mahali unataka.

Hiyo ya mwezi huo haikuwa na waridi. Ililetwa na jamaa anaitwa Boaz, mpiga picha, kijana mrefu wa jaketi ya mifuko mingi, mtu hujui kama anaenda vita ama anaenda sokoni. Yeye alikuwa wa harusi. Lakini ile mvua ya El Niño ilikuwa imefagia harusi zote, na kamera yake haikutaka kulala, kwa hivyo akaanza kuzunguka akipiga vile maji yaliacha ardhi. Barabara zimekatwa kama keki. Kando ya mito imebomoka ukaona mizizi ya miti inaning'inia hewani kama watu wamekalia ukuta. Akaleta hizo picha kwa Ephantus akamwambia watu wamechoka na maua.

Ephantus aliuliza ni nani ataandikia mpenzi wake juu ya shimo. Boaz hakubishana. Aliweka picha moja kwa meza, akaandika chini yake na penseli, “Mvua ilipita hapa,” akatoka nje kuvuta sigara. Ephantus aliangalia hiyo picha mpaka akasahau alikuwa anaelekea wapi. Baadaye akasema tujaribu.

Na picha ilikuwa poa, siwezi kudanganya. Ukuta wa udongo mrefu kuliko mtu, umekatwa safi na maji, na unaona vile ardhi imepangwa: chini udongo mwekundu, juu yake majivu, juu ya majivu mifuko ya nailoni na soli za ndula, juu kabisa nyasi. Boaz aliita korongo. Sisi wa Silanga, kule Kibera, tulikuwa tunasema tu mfereji.

Kwa sababu ni yetu. Hiyo ndio ilinimaliza. Ni ile ya chini ya nyumba yetu ukielekea dam, ile maji yalichimba katikati ya shamba ya mama yangu yakaenda na sukuma wiki yote kwa usiku moja. Mama yangu anaitwa Akeyo, anauza mboga, na mpaka leo akipita hapo anageuza uso. Lakini jua liliporudi hiyo mfereji ilikauka, na mtu akikaa pale chini hakuna mtu wa juu anaweza kumuona. Nilikuwa nimeonyesha mtu moja tu. Tulikuwa tunakaa pale jioni jua likiwa bado liko, Lenah anapitisha kidole kwa ukuta ananiambia hapa ndio ulizaliwa, hapa ndio ulianza shule, hii nailoni ya bluu ndio siku ulinikosea.

Sasa alikuwa anafanya nini hapo na kamera ya mwanaume?

Alikuwa amesimama pale chini kabisa, mdogo, mguu moja umekanyaga mwingine vile yeye husimama akingoja maji. Mkono wa kulia ameuweka nyuma ya shingo, kiwiko kiko juu. Na kwa hicho kiwiko, hata na ule wino hafifu wa kahawia, kulikuwa na kiraka. Sweta yangu ya shule. Mama yangu alishona hicho kiraka na kitambaa cha rangi ingine kwa sababu ile ya kufanana haikupatikana.

Boaz alikuwa amekuja kuangalia kazi yake inatoka aje. Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa kawaida kabisa, mbona ameweka mtu.

“Bila mtu huwezi jua ni kubwa aje,” akasema. “Piga korongo peke yake, utafikiria ni ufa kwa ukuta wa choo. Weka binadamu pale chini, macho yanapata kipimo. Huyo ni rula yangu.”

“Rula.”

“Na ni rula msupa, mrembo hivi, ama?” Akainua karatasi juu ya mwanga, akaangalia akiwa amefunga jicho moja.

Nikamuuliza alimtoa wapi.

“Mimi sikumtoa mahali. Yeye ndiye alinipeleka. Mimi ningejuaje kuna kitu kama hiyo Silanga?”

Yeye ndiye alinipeleka. Nilirudi kwa gundi yangu. Mchana wote nilipaka Lenah gundi kichwani, rundo baada ya rundo, na kila rundo nikilimaliza Ephantus ananiletea ingine. Na kichwa, vile nimesema, imeachiliwa. Nikaona hizo pad zikiingia kwa maduka. Nikaona mse fulani, kijana wa shule ya boarding, mahali hata sijui, amekaa kwa kitanda ya juu na tochi kwa mdomo, anaandika “My one and only,” na kalamu yake ikishuka chini ya karatasi inapita juu ya bega la Lenah. Kila kijana wa Kenya atakuwa amemwandikia kwa mgongo. Nikaanza kuchukia watu sijawahi kuwaona. Nikachukia mpaka kalamu. Ephantus alishika pad moja, karatasi zote zikammwagikia mkononi, akaniuliza kama leo nimekuja na mikono ya mtu mwingine.

Jumapili sikuenda kanisa. Mama aliniuliza kama ni tumbo, nikasema ni tumbo. Nikaweka pad moja ndani ya shati na nikatembea mpaka Kawangware.

Lenah alikuwa anaishi na dada yake Annet upande wa Kawangware wanaita Kongo, pamoja na bwana ya Annet, Shivachi, fundi wa mbao. Annet alikuwa na kioski ya vitabu na kalamu, na Lenah ndiye alikuwa anatumwa kwa Ephantus kuchukua writing pad. Hivyo ndio tulijuana. Lakini kwa hiyo nyumba sikuwa nimewahi kukanyaga. Annet hakuwa ananijua uso. Alikuwa ananijua jina tu, Okoth, na hilo jina lilimtosha. Siku alisikia kuna Mjaluo wa Kibera hana kazi ya maana anazunguka msichana wao, alimkalisha Lenah chini akamwambia kwao hakuna mtu ameolewa huko na yeye hataanza. Na akisikia tena, anamweka kwa basi, arudi nyumbani kwa mama yao. Kwa hivyo tulikuwa tunakutana siku za kwaya. Annet aliamini hiyo kwaya inaenda kuimba ng'ambo, vile ilikuwa inafanya mazoezi.

Nilifika mlangoni, pazia limefungwa pembeni, harufu ya kuku inatoka mpaka kwa njia. Nikachungulia.

Boaz alikuwa kwa kile kiti kizuri, kile cha vitambaa vyeupe. Jaketi yake ya mifuko imetundikwa kama ya mwenye nyumba. Lenah ameinama mbele yake na jagi, anamwagia maji ya kunawa, pole pole, maji ya moto kidogo, unaona mvuke. Alikuwa amesuka nywele upya. Na kwa meza, mbele ya Boaz, sahani yake ya ugali imepakuliwa, na juu ya nyama zote imekaa firigisi.

Hata mimi Mjaluo najua. Kwa Waluhya firigisi ni ya mgeni wa heshima, haipewi mtu kwa sababu ameketi karibu na sufuria. Shivachi mwenyewe, mwenye nyumba, alikuwa na bawa.

Nikabisha kwa fremu ya mlango. Lenah akainua macho, na maji yakaendelea kumwagika mpaka yakapita mikono ya Boaz yakaenda kwa kiatu.

Annet aliuliza mimi ni nani. Nikasema natoka kwa press ya Ephantus, nimeleta sampuli ya pad mpya. Akashangaa, Jumapili, lakini biashara ni biashara, akanyoosha mkono. Shivachi akasema karibu, vile mtu husema. Boaz akanitambua, akasema ndiye huyu kijana wa gundi, kumbe anafanya kazi mpaka siku ya Bwana. Lenah alikuwa ananiangalia na macho makubwa na kichwa chake kinatingika kidogo, kidogo sana, kama mtu anafukuza nzi bila mikono. Kilikuwa kinasema usifanye hivyo. Mimi nilisoma vingine. Mimi nilisoma anamkinga yule.

Annet alipenda hiyo pad. Aliigeuza, akaigusa ile picha, akasema sasa hii ndio kitu, vijana watainunua hawa, imekaa ya huzuni. Akampitishia Shivachi. Shivachi akasema huo ukuta wa udongo ni hatari, ungemwangukia huyo msichana. Halafu akamrudishia. Wote wawili wamemwangalia Lenah kwa karatasi na Lenah mwenyewe yuko hapo na jagi, na hawamwoni.

Ndio Boaz akamwangalia Lenah na akatabasamu. Upande moja wa mdomo. Tabasamu ya watu wawili walio na kitu yao.

Hapo ndio breki iliisha.

“Mama, hujamjua huyo msichana?” nikamuuliza Annet.

“Ni msichana tu,” Lenah akasema haraka. “Ni picha.”

“Angalia kiwiko. Hicho kiraka kilishonwa na mama yangu.”

Jirani alikuwa na redio, ikawa ni kama imeletwa ndani. Annet aliangalia pad, akaangalia Lenah, akaangalia mimi. Halafu akasimama, na nikafikiria anakuja kunizaba kofi, lakini alinipita. Sweta ilikuwa imetundikwa kwa msumari nyuma ya mlango, karibu na bega langu, na sikuwa nimeiona. Annet akashika mkono wa sweta, akaugeuza.

“Uliniambia umeitoa mtumba,” akasema.

Lenah aliweka jagi chini.

“Mama yako anaitwa nani?” Annet akaniuliza, bado ameshika sweta.

“Akeyo. Anauza mboga Silanga.”

“Kumbe ndiwe Okoth.” Hakuinua sauti hata kidogo, na afadhali angeinua. Akamgeukia dada yake. “Kwaya, Lenah. Kwaya.”

Mtu wa akili angeomba msamaha atoke. Mimi nilikuwa nimetembea kutoka Silanga na wivu kwa tumbo bila chai, sikuwa nimekuja kumalizia hapo. Nikamgeukia Boaz. Nikamwambia yeye na mifuko yake yote hajapata nafasi ya kuweka hata haya kidogo. Kama alitaka rula angenunua rula. Nikamwambia angeuliza kwanza kama huyo msichana ana mtu, kabla hajaenda kumsimamisha ndani ya shimo ya watu na kumuuza kwa kila duka.

Boaz alikuwa amemega ugali. Akairudisha kwa sahani.

“Kijana,” akasema, “baba yangu na mama ya Lenah ni ukoo moja. Mimi kwa huyu ni mjomba. Siku ataolewa, kuna kiti ya mjomba itawekwa, na ni mimi nitaikalia. Mimi kumtaka Lenah ni kama wewe kumtaka dada ya mama yako.”

“Lakini wewe ni...” Nilitaka kusema yeye ni kijana.

“Ndiyo. Ni mjomba kijana. Hukuuliza mtu?”

Sikuwa nimeuliza mtu. Kila mama wa Silanga, ukimtajia msichana, kabla hajauliza kama ana adabu anauliza ni wa wapi, ni wa nani, mama yake alitoka kwa nani. Sisi tumezaliwa Nairobi tunaulizana ulisoma shule gani na unasikiza muziki gani. Nilikuwa najua Lenah analala upande gani wa kitanda wanayoshare na watoto wa Annet, na sikuwa najua jina la ukoo wa mama yake.

Shivachi alianza kusema kitu juu ya kuketi chini, lakini Lenah alikuwa ameshanipita. Alitoka bila kunigusa, na hiyo nyumba si kubwa, ilibidi ajipinde. Annet akaniambia nitoke pia.

Nilimpata kwa bomba la maji, pale plot inaishia, ameketi juu ya mtungi wa mtu. Jumapili hakuna foleni. Alikuwa hajalia. Hiyo ilinitisha.

“Umefurahi?” akauliza.

Nikamwambia bado sijaelewa. Nikamwambia awe ni mjomba ama awe ni babu yake, pale ni petu. Nani alimwambia apeleke mtu pale?

“Si ulikuwa unalalamika,” akasema. “Si ulikuwa unasema kazi ya Ephantus inakuua, siku nzima waridi, waridi, utaota miiba. Boaz akaniambia anatafuta korongo, na picha ikitoka inaenda kwa Ephantus. Nikafikiria. Nikasema kila karatasi ya hiyo kazi lazima ipitie kwa mikono ya Austo.” Austo ndiye mimi, hivyo ndivyo yeye huniita, na alikuwa anaangalia mikono yangu, gundi imekauka kwa kucha. “Nikavaa sweta yako. Nikageuka ndio Annet asinijue. Nikainua mkono hivi, Boaz akaniambia shusha, unaharibu picha, nikakataa, kwa sababu nilitaka uone kiraka. Nikasema ataniona hapo, atacheka peke yake siku nzima, na hakuna mtu kwa hiyo press atajua anacheka nini.”

Maji yalikuwa yanadondoka kwa bomba.

“Ulicheka?” akauliza.

Ningemdanganya. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini alikuwa ananiangalia usoni, na Lenah akikuangalia hivyo ni kama mtu ameshika kola yako na mikono miwili.

“Hapana.”

“Hapana,” akasema. “Ulifikiria mimi ni mtu wa aina hiyo.”

Nikamwambia nilifikiria yeye ni mzuri na mimi sina kitu, na mtu mwenye kamera ana kitu. Nikamwambia nilimuona akimnawisha mikono. Nikamwambia firigisi. Alipoguna nikajua amekaribia kucheka na amejizuia, na nilikuwa tayari kupigwa makofi na Kawangware yote kama angecheka tu.

“Unajua mbona kuna kuku leo?” akasema. “Mimi ndiye nilimwita Boaz. Annet ananiweza mimi, anamweza Shivachi, lakini hawezi kukatalia mtu wa upande wa mama. Akikasirika mjomba, hata harusi ya watoto wa Annet itakuwa na shida. Alikuwa amekuja kusema maneno yako.”

“Mbona hakusema?”

“Mtu anasema maneno kabla ya kula?” Aliniuliza kama mtu anauliza mtoto mbona amevaa viatu kwa mikono. “Wewe ulikuwa wa baada ya chai, Austo. Ungengoja tu. Hata hukutakiwa kuja.”

Nikamuuliza sasa itakuwa aje.

Akaniambia kesho Annet atamweka kwa basi. Alishaapa, na Annet akiapa hufanya, hata kama itamuuma. Atakaa kwa mama yao, achume chai ya watu, na mwaka ukiisha mtu fulani atakuja na ng'ombe zake. Alisema hivyo bila kunitisha, vile mtu anasoma ratiba.

“Nifanye nini?”

“Sijui. Mimi nilikuwa nimefanya yangu.” Akasimama, akapangusa nguo nyuma. “Naenda kutengeneza chai.”

Akarudi ndani. Mimi nikabaki hapo. Njia ya kwenda Kibera ilikuwa upande wa kushoto na hakuna mtu angenishika. Nilipiga hatua kidogo hata, na ndio nikawaona kwa kichwa: Boaz bado ako kwa kile kiti, Lenah anakuja na thamosi, anainama, anamimina. Na mimi niko barabarani nikikanyaga vumbi. Watu baadaye walisema nilirudi kwa sababu mimi ni jasiri. Ukweli ni kwamba singeweza kuvumilia Boaz amiminiwe chai mimi nikiwa siko.

Niliingia bila kubisha. Kulikuwa na stuli ya mbao, ile ya jikoni, nikaiweka kando ya mlango nikakaa. Hakuna mtu alisema karibu. Hakuna mtu alisema toka. Annet alikuwa anakusanya sahani kwa nguvu, mifupa inaruka. Lenah alimimina chai: ya Boaz, ya Shivachi, ya Annet. Aliponifikia alisimama na thamosi, akamwangalia dada yake. Annet akaangalia dirisha. Lenah akapita.

Wakanywa. Sijawahi kuona watu wakinywa chai pole pole namna hiyo. Shivachi alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake kama kuna sinema. Mwisho Boaz akapangusa mdomo, akakohoa, akaweka kikombe mbali na yeye.

“Annet,” akasema, “mimi nilikuja na maneno. Na mwenye maneno ni huyu hapa kwa stuli. Nilikuwa nimejipanga vizuri. Nilikuwa niseme kuna kijana wa Kibera anafanya kazi na mikono yake, hanywi, anasaidia mama yake. Na nilikuwa niseme ni kijana mtulivu.” Akaniangalia. “Hilo la mtulivu nimelitoa.”

Shivachi alicheka mpaka chai ikamtoka kwa pua, akaanza kukohoa, Lenah akampiga mgongo. Annet hakucheka. Lakini aliacha kukusanya sahani. Akakaa, mara ya kwanza tangu nifike, akanigeukia na magoti yake yote.

“Baba yako alikuwa mtu wa wapi?”

Nikamwambia. Alego, na jina la kijiji, na ukoo wa baba yangu, hiyo niliijua kwa sababu iliandikwa kwa programu ya mazishi yake. Akatingisha kichwa.

“Na mama yako? Kabla aolewe huko, alitoka kwa nani?”

Nikafungua mdomo. Nilijua mama yangu anapenda omena ya kukaanga sana mpaka ilie. Nilijua wimbo anaimba akipepeta mchele. Nilijua kwao ni mbali, karibu na mpaka, na kuna dada yake moja alikuja mara moja akiongea lugha haikuwa Kijaluo vizuri. Zaidi ya hapo, hakuna kitu.

“Sijui. Najua tu ni karibu na mpaka wa Waluhya.”

“Hujui.” Annet alisema hivyo kwa Boaz, si kwangu. Halafu kwangu: “Karibu na mpaka wetu, na hujui. Unaingia kwa nyumba ya watu Jumapili, unapigania msichana mbele ya nyama, na hata hujui kama ni dada yako.”

Hakuna mtu alicheka hapo. Lenah alikuwa amesimama nyuma ya kiti ya Boaz, ameshika kile kitambaa cheupe kwa vidole, anakikunja, anakikunjua. Nilimwangalia na kwa mara ya kwanza nikaogopa kitu kikubwa kuliko mwanaume mwingine.

Annet akapumua. Alikuwa amechoka, niliona, ni mtu alilea huyu msichana tangu awe mdogo na hakutaka kumpeleka mahali pabaya, ni hivyo tu.

“Nenda ukamuulize mama yako,” akasema. “Umuulize vizuri, ukoo wake na ukoo wa mama yake. Halafu Jumapili uje utuambie.”

“Na basi?” Ni Lenah aliuliza, sauti imeshuka.

“Basi iko kila siku,” Annet akasema. “Haiishi.” Akasimama akachukua sahani zake. “Na ukija, kijana, uje umekula. Sina kuku ya kila mtu.”

Nilisema asante. Nikasema asante kwa Shivachi, nikasema asante kwa Boaz, ambaye aliinua mkono tu. Kwa Lenah sikusema kitu kwa sababu Annet alikuwa katikati, lakini macho yetu yalikutana juu ya bega la dada yake, kidogo, na hakuyaondoa kwanza. Ni mimi niliondoa.

Nikatoka. Nilikuwa nimesikia neno “uje” na lilikuwa linaruka ndani yangu kama kitu hai. Nikaamua kwenda haraka nimpate mama kabla hajafunga kibanda. Sikuwa nimepita nyumba ya tatu nikasikia Boaz amesema kitu, na Lenah akacheka. Kile kicheko chake cha chini, cha shingo, chenye mimi nilikuwa nafikiria ni changu.

Mjomba, nikajiambia. Ni mjomba. Nikatembea nikijiambia hivyo mpaka Silanga, na kila nikilisema nilikuwa nataka kugeuka nirudi, niwaulize wanacheka nini.